Mwanafunzi Asiyeandikwa

Mtoto huletwa shule. Mtu mzima hujileta mwenyewe, na akifika mlangoni hujifanya amepotea njia. Mwalimu Polepole aliijua janja hiyo vizuri, maana kwa miaka ishirini na sita alifundisha kusoma na kuandika kwenye chumba kimoja nyuma ya ofisi za mtaa. Ubao wake ulikuwa umemeguka kona. Mabenchi yalitoka shule ya watoto, mafupi kiasi kwamba mzee akikaa, magoti yanamfika kifuani. Kila alasiri, aliyesimama mlangoni na kusema, "Nilikuwa napita tu," alimjibu, "Basi pita ndani."

Jina la Polepole alipewa na wanafunzi wake. Mtu akishikwa na jasho mbele ya neno, akaanza kubahatisha, yeye alisema, "Polepole. Neno halina miguu, halitakimbia." Jina lake la kwenye vyeti likabaki kwenye vyeti.

Alikuwa na sharti moja, na hilo alilisema kabla hajampa mtu kalamu. "Jina lako halitatoka mdomoni mwangu. Nikikukuta njiani nitakusalimu kama jirani. Usiponitaja, sikujui." Wapo waliosoma kwake mwaka mzima na nyumbani kwao hakuna aliyejua. Mmoja alimwambia mkewe anaenda kucheza karata. Mke akanusa mwanamke, akamfuata na mwiko mkononi, akamkuta amekunjamana kwenye benchi anaandika neno "kikombe". Alisimama pale, hasira ikamwisha, akauliza kama nafasi bado ipo. Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi, lakini kisa chenyewe alikihadithia bila kusema ni nani.

Ndipo akaja Bucha.

Bucha aliuza nyama karibu na soko, mtu mwenye kifua na sauti, umri wake miaka thelathini na sita. Mkaguzi wa afya alikuwa amepita dukani kwake, akaandika karatasi yenye mhuri mkubwa mwekundu, akaiacha kaunta. Bucha akaona mhuri, akafurahi. Alidhani ni leseni mpya. Akaitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika juu ya mizani. Wiki mbili wateja waliingia, wakainua macho, wakanunua nusu kilo wakiwa wameuma midomo. Karatasi ilisema: DUKA HILI LIMEFUNGWA KWA UCHAFU. Siku aliyoambiwa ukweli, na aliyemwambia alikuwa mtoto wa shule aliyetumwa mifupa, alishusha mlango wa bati saa nne asubuhi.

Alikuja kwa Mwalimu saa saba mchana, saa ambayo chumba kilikuwa kitupu.

"Mwalimu, mimi sitaki kukaa na wale wa alasiri," alisema. "Nusu yao ni wateja wangu. Watanicheka mpaka nihame."

"Hawachekani humu."

"Humu hawachekani. Nje je?"

Basi alimfundisha peke yake, mchana, kwenye kijichumba cha stoo kilichojaa fagio na viti vibovu. Alikula chakula chake cha mchana akiwa amesimama ili Bucha apate kiti. Alianza naye na maneno ambayo mkono wake uliyajua: nyama, ini, mfupa, mnofu. Bucha alishika kalamu kama anataka kuichinja. Lakini kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko vyote alivyowahi kuviona. Miezi minane akasoma sentensi. Mwaka wa pili alikuja na gazeti lililofungiwa nyama, lina damu pembeni, akamsomea habari nzima ya ukurasa wa mbele bila kukwama. Alipomaliza aliweka gazeti chini, akageukia ukutani, mabega yakamtikisika. Mwalimu akajifanya anatafuta chaki.

"Mwalimu," alisema Bucha akiwa bado ametazama ukuta, "wewe ni mama yangu wa pili. Hili sitalisahau."

Kwenye daftari la mahudhurio Mwalimu hakumwandika. Aliwaandika wote, jina, tarehe ya kuanza, na siku mtu alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza bila kunakili. Lakini Bucha hakuwa wa darasa la alasiri, na Mwalimu aliona kumwandika ni kama kumwanika. Stoo haikuwa na daftari.

Miaka kumi ikapita. Bucha akapata duka la pili, kisha la tatu, kisha uenyekiti wa wafanyabiashara wa soko. Alijua kusema, na sasa alijua kusoma kile walichosema wengine. Wakikutana njiani alimsalimu Mwalimu kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu," naye akaitikia, "Marahaba baba, habari za kazi?" Basi. Mkataba wao ulikuwa huo, na wote wawili waliushika.

Mwaka wa uchaguzi, Bucha akachukua fomu ya udiwani. Fomu ilitaka mtu aliyemaliza shule. Bucha akajaza kwamba alimaliza, shule iko mbali huko alikozaliwa, na vyeti viliungua na paa la nyumba ya baba yake. Watu wengi walimwamini. Mtu anayesoma hotuba vile, nani atamuuliza alisomea wapi?

Mshindani wake alikuwa mfanyabiashara wa saruji, mzee mpole wa sura, waliyemwita Mzee Saruji. Huyu alimtembelea Mwalimu darasani baada ya kipindi. Aliangalia ubao uliomeguka, akapapasa benchi, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, watu wazima wanakaa hapa?"

"Wanakaa."

"Mimi nikitaka kesho, naleta saruji na mafundi. Chumba kipya, madawati ya kimo cha watu, taa, ubao wa kisasa." Akashusha sauti. "Nasikia Bucha alikuwa mwanafunzi wako."

"Nani kasema?"

"Maneno ya soko. Sitaki kelele. Nataka uniandikie mstari mmoja tu, kwamba mwaka fulani ulimfundisha a-e-i-o-u."

Mwalimu aliyatazama mabenchi. Alimfikiria Mama Mkaa, mwanafunzi wake wa miaka sitini na miwili, aliyeuza mkaa na kuja darasani na mkeka mdogo wa kukunja kwa sababu benchi lilimuumiza kiuno. Aliwafikiria wafagiaji wa hospitali waliosoma wakisinzia kwa uchovu, taa ikiwa balbu moja. Kisha akasema, "Mzee, waliopita kwangu siwataji. Wala wasiopita. Nikianza kusema fulani hakupita, kesho utajua aliyepita."

Mzee Saruji aliondoka kwa adabu, lakini macho ya watu yalishamwona akiingia. Kesho yake, saa saba mchana, Bucha akasimama mlangoni, suti mwilini, jasho shingoni.

"Alikuja kutaka nini?"

"Karibu kwanza, baba."

"Mwalimu, alitaka nini?"

"Alitaka nikutaje. Sikukutaja."

Bucha akavuta pumzi. Akakaa kwenye benchi, magoti yakapanda juu. "Nakushukuru. Sasa nipe lile daftari."

"Daftari la nini?"

"La mwaka ule. Yote, kama inabidi. Nikae nayo mpaka uchaguzi upite."

"Humo hakuna jina lako. Sikukuandika hata siku moja."

Alimtazama kama mteja aliyeonyeshwa mizani iliyochezewa. "Mwalimu gani haandiki mwanafunzi wake? Miaka miwili?"

"Ulikuwa na aibu. Nikaiheshimu aibu yako."

"Basi kama simo, kuna ubaya gani nikiliona?"

"Wapo wengine mle. Na wao niliwaahidi kama nilivyokuahidi wewe. Yule wa jana nimemnyima. Nikikupa wewe, nitakuwa nimefanya nini?"

"Ina maana huniamini?"

"Wewe ndiye huniamini, baba."

Akainuka. Hakugombana, wala hakupandisha sauti. Alivuta koti lake vizuri, akasema, "Haya Mwalimu, tumeelewana," na Mwalimu akajua kwamba hawakuelewana hata kidogo.

Bucha akashinda. Wakamwita Mheshimiwa, na jina la Bucha likabaki kwa watani wa zamani. Mwezi wa nne baada ya kuapishwa, barua ikaja: chumba cha nyuma kinahitajika kwa ofisi mpya, darasa la watu wazima litasitishwa, wananchi watasikilizwa kwenye mkutano.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi wa Mwalimu walikaa safu ya nyuma, karibu thelathini, wengine wakijificha kwenye mitandio. Bintiye Mwalimu, muuguzi, alikaa kando ya mama yake akiwa bado na sare ya kazi. Binti alijua. Hakuambiwa; alikuwa msichana wa shule enzi zile, akimpelekea mama yake chakula cha mchana, na alimwona Bucha akitoka stoo na chaki kwenye mkono wa shati.

Mheshimiwa alisimama, akavaa miwani, akasoma taarifa yake vizuri kabisa, akipumua penye koma. Kisha akaiweka chini na kusema kwa mdomo.

"Ndugu zangu, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Vijana wetu hawana pa kukaa. Mzee wa miaka sitini umfundishe a-e-i-o-u, ili asome nini? Vibao vya makaburini?"

Ukumbi ukacheka. Si kwa ubaya wote; ni ule mcheko wa watu waliochoka kukaa. Lakini safu ya nyuma vichwa viliinama kimoja baada ya kingine.

Mama Mkaa akasimama. Mikono yake, hata siku aliyooga na kuvaa vizuri, ilibaki nyeusi kwenye mistari ya kiganja.

"Mheshimiwa, mzee wa miaka sitini ni mimi. Wiki iliyopita mjukuu wangu aliumwa. Nilisoma karatasi ya dawa mwenyewe. Vijiko viwili, si vitatu. Mama yake alikuwa anampa vitatu."

"Hongera sana mama," alisema Mheshimiwa. "Lakini dawa hata muuzaji anakueleza kwa mdomo, bure."

Wakacheka tena. Mama Mkaa hakukaa. Aligeuka akamtafuta Mwalimu kwa macho.

"Mwalimu, waambie. Si unawajua wote waliopita kwako? Wapo watu wazito, wenye maduka, wenye vyeo. Wataje hata wawili tu, huyu ajue kwamba hatuchezi."

Mheshimiwa akavua miwani, akaanza kuifuta kwa tai. Akafuta kioo kimoja, akafuta cha pili, akarudia cha kwanza.

"Mama, sema," binti alinong'ona, akimminya mkono. "Jina moja tu. Sema."

Mwalimu akasimama. Aliwatazama wale thelathini wa nyuma, wakimtazama kama walivyozoea kumtazama neno linapokuwa gumu.

"Waliopita kwangu ni zaidi ya mia tatu," alisema. "Wapo wenye maduka. Wapo wenye vyeo. Kuwataja siwezi, maana niliwaahidi. Wakitaka, watajitaja wenyewe."

Akangoja. Alingoja kwa kweli, alimwambia binti yake baadaye. Kwa muda ule mfupi aliamini Mheshimiwa atajitaja. Wengine hakuwalaumu. Wengine hawakuwa na kipaza sauti mbele yao.

Mheshimiwa akavaa miwani. "Mnaona, ndugu zangu? Hata mwenyewe hana wa kumtaja."

Ukumbi ukaangua kicheko.

Nje ya ukumbi Mama Mkaa alimpita bila kusimama, kisha akarudi hatua mbili. "Mwalimu, tulikutegemea. Umetuzika tukiwa hai."

"Mama Mkaa, ningewataja hao, kesho ningekutaja na wewe."

"Mimi nilijitaja! Nimesimama mbele ya watu wote! Mimi, muuza mkaa!" Akaondoka na mkeka wake kwapani.

Mwezi uleule binti akapandishwa kuwa msimamizi wa wodi, cheo alichokisubiri miaka mitatu. Mtaa ukajumlisha moja na moja ukapata tano. "Kumbe ndiyo maana alifunga mdomo." "Mwalimu kajilia chake." Mwanamke aliyemfumania mumewe na kikombe alimpita dukani bila salamu. Hakuna aliyekuja kumuuliza ana kwa ana, na uvumi usioulizwa hauna pa kujibiwa.

Kuhamisha vitu kulichukua asubuhi moja. Walikuja wanaume wawili na mkokoteni. Mheshimiwa alikuja mwenyewe kwa gari, akasimama kwenye mlango wa stoo. Mle ndani palikuwa na daftari kumi na tisa, zimefungwa kwa kamba.

"Hizi ni mali ya ofisi," alisema, bila kumtazama. "Zitahifadhiwa."

"Mle hamna jina lako. Nilikuambia."

"Mwalimu, hayo tulishayaongea."

"Kuna wafagiaji wanangoja niwaandikie barua za kuthibitisha kwamba walisoma. Tarehe zao zimo humo."

"Wataandika maombi ofisini."

"Wataandika," alisema Mwalimu. "Nimewafundisha."

Hilo lilimgusa mahali, maana alinyanyua macho mara moja. Kisha akawaonyesha wanaume mkokoteni.

Yaliyofuata Mwalimu aliyasikia wiki mbili baadaye kutoka kwa msukuma mkokoteni, ambaye naye aliwahi kusoma kwake, akaacha katikati. Daftari hazikwenda ofisini. Zilikwenda nyuma ya machinjio. Mheshimiwa alivua koti, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akazipekua mwenyewe toka saa sita mpaka jua linapoa. Hakumruhusu mtu amsaidie. Ukurasa kwa ukurasa, kidole kwenye mstari, midomo ikicheza. Alipofika mwisho wa daftari la kumi na tisa, alirudi la kwanza akaanza upya.

"Alikuwa anatafuta nini, Mwalimu?" aliuliza msukuma mkokoteni.

"Alipata?"

"Hakupata. Halafu akasema tuzichome."

"Zote?"

"Zote. Mimi nilijiona mle, Mwalimu. Jina langu. Uliandika 'ameacha, atarudi'." Akakuna kichwa. "Nilitaka nichane huo ukurasa nije nao. Nikaogopa."

Siku tatu baada ya hapo, Mwalimu alirudi nyumbani kutoka kufuatilia makaratasi ya kustaafu, akamkuta binti amepika. Nyama ya mbuzi, mguu mzima, imeiva mpaka inaachia mfupa. Alikuwa na njaa, hakuuliza. Alikula nusu sahani ndipo akasema, "Leo umeamka vizuri. Nyama yote hii ya wapi?"

Binti hakuinua macho. "Imeletwa. Kutoka kwa Mheshimiwa. Dereva wake kaishusha, kasema mpe Mwalimu."

"Na barua?"

"Hakuna barua."

"Hata mstari mmoja?"

"Hakuna, mama."

Mwalimu akaweka kijiko chini. Binti akangoja amwage, atupe sahani, aseme lolote. Mwalimu akachukua kijiko akaendelea kula, kipande kwa kipande, hadi sahani ikabaki nyeupe.

"Unaikula?" binti alishindwa kuvumilia. "Baada ya yote? Kwa nini hukusema siku ile? Ungesema neno moja tu!"

"Niliahidi."

"Ahadi gani hiyo? Ahadi inakula upande mmoja tu?"

Mwalimu akajifuta mdomo. "Mwanzoni nilijiambia ni ahadi. Sasa sina hakika. Yule, mwanangu, ndiye aliyekuwa bora kuliko wote niliowafundisha. Wote. Ningemvua nguo mbele ya watu, ningebaki na nini cha kujivunia? Labda nilikuwa najihurumia mwenyewe."

"Na Mama Mkaa?"

Mwalimu akakusanya vyombo. Mama Mkaa alikuwa ameacha kupita na mkaa wake mtaa wao. Alizunguka kwa nyuma, njia ndefu, na mzigo kichwani. Mwalimu alikwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa hayupo, na sauti iliyosema hivyo ilikuwa ya Mama Mkaa mwenyewe. Mara ya pili mjukuu alitoka na kipande cha karatasi. Herufi zilikuwa kubwa, zimepanda na kushuka, lakini hakuna hata moja iliyokosewa: MWALIMU USIJE TENA. Alisimama na ile karatasi juani. Ilikuwa barua ya kwanza ya Mama Mkaa, na aliyeandikiwa ni yeye.

Mheshimiwa alichaguliwa tena. Ofisi mpya ya vijana ilifunguliwa kwa utepe, ikafungwa kwa kufuli, na kupitia dirishani watu waliona mbao za ujenzi na mifuko ya saruji ya Mzee Saruji, maana wawili hao siku hizi walikuwa marafiki. Wafagiaji wa hospitali waliandika maombi yao, yakajibiwa kwamba hakuna kumbukumbu.

Alasiri moja mwanamke mmoja alibisha hodi kwa Mwalimu. Alikuwa fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, mgeni mtaani. Mwalimu alikuwa kibarazani na ungo wa mchele, akitoa mawe.

"Nilikuwa napita tu," alisema fundi.

Mwalimu aliendelea kuchambua.

"Nimeambiwa hapa kuna mama anafundisha watu wazima. Kwamba ukisoma kwake, hakuna atakayejua. Mimi wateja wananiandikia vipimo kwenye karatasi, nakariri kwa kichwa. Wiki iliyopita nimeharibu gauni la harusi la mtu." Akaizungusha futi kidoleni. "Naweza kuja hata mchana. Hata usiponiandika popote."

Mwalimu alinyanyua jiwe dogo kwa kucha mbili, akalitupa nje ya kibaraza.

"Umekosea nyumba, mwanangu," alisema. "Huyo mama alihama."

"Alihamia wapi?"

"Hakusema."

Fundi alishukuru, akaomba radhi kwa usumbufu, akaenda. Binti alitoka ndani akiwa anafunga vifungo vya sare yake, akauliza nani alikuwa anabisha.

"Mtu amepotea," alisema Mwalimu, akasogeza ungo kwenye mwanga.

Binti alichungulia barabarani. Yule mwanamke alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya jirani, anatazama kibao cha mlangoni, akingoja apite mtu wa kumuuliza kimeandikwa nini.

"Mama, yule—"

"Utachelewa kazini," alisema Mwalimu.